UZI: Treni ya rola kosta haina injini. Inatembeaje, na umeme ukikatika inakuwaje?

Winchi la Ziwani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Ile klipu ya treni ya rola kosta (ule mchezo wa kupanda na kuporomoka vilima vya reli kwenye bustani za burudani) iliyoganda karibu na kilele, abiria wanashushwa kwa ngazi mmoja mmoja, nadhani kila mwenye simu hapa Mwanza ameshatumiwa. Kwenye grupu la mtaa wetu huku Kirumba maelezo yalikuwa vituko vitupu. Huyu anasema injini imekufa, yule anasema mafuta yameisha, mwingine anaapa kabisa kuwa dereva karuka na kukimbia. Nimeona nilete hapa tuongee kwa nafasi. Riziki yangu mimi ni mota, winchi na minyororo ya kuvutia vyombo kutoka majini, na rola kosta ukiivua taa na rangi zake kinachobaki ni winchi na mteremko.

Treni ile haina injini. Haina tangi, haina gia, haina dereva. Ni mabehewa yenye viti na magurudumu, basi. Mashine imefungwa ardhini, kwenye kilima cha kwanza: mota ya umeme inayozungusha mnyororo mzito uliolala katikati ya reli. Chini ya behewa kuna ndoano. Treni ikifika mguuni pa kilima, ndoano inaudaka mnyororo na safari ya juu inaanza, taratibu. Kileleni mnyororo unageuka kurudi chini, ndoano inaachia, na kuanzia hapo mpaka breki za mwisho hakuna kinachoisukuma treni. Inashuka kwa uzito wake, na kasi iliyoipata bondeni ndiyo inayoipandisha kilima kinachofuata.

Tupige hesabu ya mfano. Treni pamoja na abiria tani 8, kilima mita 45. Kazi ya kuinyanyua ni 8,000 × 9.81 × 45, yaani jouli milioni 3.5 hivi. Uniti moja unayonunua kwenye LUKU ni jouli milioni 3.6. Maana yake kelele zote zile, watu wote wale kushika vichwa na kuita mama zao, zimenunuliwa kwa uniti moja, ukiweka pembeni kinachopotea kwenye mota na giaboksi. Tatizo ni kwamba uniti hiyo inatakiwa itumike kwa haraka. Ukitaka treni ifike juu kwa sekunde 45 unahitaji karibu kilowati 80, na hiyo si mota ya kufunga kwenye mashine ya kusaga mahindi.

Ikifika bondeni kutoka mita 45, kama hewa na msuguano visingekuwepo, ingekuwa na mwendo wa mita 29.7 kwa sekunde, sawa na kilomita 107 kwa saa. Tena kwenye hesabu hiyo uzito haumo, unajifuta wenyewe pande zote mbili. Halisi kuna hewa ya kukatwa, kuna beringi, kuna mpira wa gurudumu unaobonyea na kurudi kila unapozunguka. Vyote hivyo vinakula kidogo kidogo. Ndiyo maana ukiangalia picha ya rola kosta utaona vilima vinazidi kushuka kadiri unavyoelekea mwisho. Mchoraji anajua treni itakuwa imebakiwa na nini kila mahali, na hawezi kuidai zaidi ya hapo.

Karibuni kwa maswali. Matusi hapana.

Jiwe Juu ya Jiwe

Siti ya mbele kabisa, nimekuja na karanga zangu.

Binti Pasiansi

Asante mkuu kwa elimu. Sasa mimi kinachonitisha si kupanda, ni pale inapopita juu ya kilima kwa kasi na watu wananyanyuka kwenye viti. Kwa nini treni yenyewe isinyanyuke ikatoka relini? Maana treni yetu hii ya kawaida kinachoishikilia ni uzito tu.

Winchi la Ziwani

Dada Pasiansi, hilo ndilo swali lililowasumbua wenyewe zamani. Gurudumu la treni ya kawaida linakaa juu ya reli na lina ukingo wa ndani wa kuzuia kwenda pembeni. Ukiinyanyua treni, inanyanyuka.

Rola kosta ina magurudumu ya aina tatu kwenye kila fungu. Ya kwanza yanakaa juu ya reli na kubeba uzito. Ya pili yanabana ubavuni ili isiyumbe kwenye kona. Ya tatu yako chini ya reli, yanaitazama kutokea chini. Hayo ndiyo yanayofanya kazi pale mnaponyanyuka vitini: treni inataka kupaa, magurudumu ya chini yanagonga reli, inarudishwa. Mmarekani John Miller aliyapatia hataza mwaka 1919, na baada ya hapo ndipo vilima vikawa virefu na vikali. Kabla yake mtu hakuthubutu kuchora mteremko wa kumwondoa abiria kitini.

Magurudumu mengi siku hizi ni kitovu cha alumini kilichovishwa polyurethane, yaani plastiki ya jamii ya mpira. Ukichagua gumu, treni inakwenda mbali ila inatetemeka. Ukichagua laini, inatulia ila inapoteza mwendo. Mafundi wa huko wanabadilisha aina ya gurudumu wakitaka treni iende haraka au ipungue. Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia, maana huku kwetu gurudumu linabadilishwa likishakufa.

Ticha Nyegezi

Mwenye mada kaeleza vizuri. Niongeze historia kwa ufupi, maana wanafunzi wangu wanapita humu.

Chanzo ni Urusi, karne za 17 na 18. Watu walijenga milima ya mbao, wakaimwagia maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza. Wafaransa wakaichukua, wakaweka magurudumu: mwaka 1817 pale Belleville, Paris, kulikuwa na vigari vilivyofungwa kwenye njia ili visichomoke. Marekani wao walianzia kwenye makaa ya mawe. Pale Mauch Chunk, Pennsylvania, reli ya mwaka 1827 iliteremsha makaa kwa uzito wake tu, na baadaye watu wakawa wanalipa nauli ili nao wateremke.

Halafu mwaka 1884, LaMarcus Thompson akafungua yake Coney Island, New York. Nauli senti 5, mwendo kama kilomita 10 kwa saa. Mnyororo hakuna. Abiria wanapanda ngazi kwa miguu mpaka juu, wanakaa, kigari kinateremka hadi mwisho wa njia, wanashuka, wahudumu wanakihamishia njia ya pili, wanarudi hivyo hivyo. Mwaka uliofuata Philip Hinkle akaleta mashine ya kuvuta gari na watu wake hadi juu. Kwa hiyo injini ilipoingia kwenye mchezo huu iliingia kumwondolea abiria kazi ya kupanda ngazi. Kuteremka hakukuhitaji msaada wa mtu.

Kamanga Feri

Mnatupiga kamba nyie. Mimi nimeona kwa macho yangu rola kosta ya watoto, joka lina kichwa cha kijani, linazunguka raundi kadhaa bila kusimama na kilima chake hakifiki hata urefu wa nyumba. Hakuna mnyororo. Hiyo inaendeshwa na nini, maombi?

Na kuna zile zinazofyatuka kutoka stesheni kama risasi. Nazo zimeshuka mlima gani?

Winchi la Ziwani

Kamanga Feri, umebana vizuri, na zote mbili zina majibu.

Joka lako ni jamii nyingine. Zipo ndogo zenye mota ndani ya treni yenyewe, zinachukua umeme kwenye reli maalumu inayopita kando ya njia. Hizo zinaweza kuzunguka hata mchana kutwa. Watu wanazihesabu humo humo kwenye rola kosta, ila kiufundi ni treni ya umeme iliyopindishwa njia. Ukiizima, inapoteza mwendo pale pale.

Zinazofyatuka, badala ya kupewa urefu zinapewa kasi moja kwa moja. Njia ni nyingi:

Sumaku. Kwenye njia kunapangwa koili nyingi, chini ya treni kuna sumaku au bamba la chuma kisichovutwa na sumaku, mfano alumini. Umeme unapita kwenye koili kwa zamu, moja baada ya nyingine, na treni inakokotwa bila kuguswa na kitu. Ni mota ya kawaida uliyoipasua ukailaza chini ikawa ndefu.

Haidroliki. Pampu zinasukuma mafuta ya haidroliki kwenye mitungi yenye gesi ya naitrojeni. Gesi inabanwa, inabanwa, inabanwa, kisha inaachiwa kwa mkupuo. Mafuta yanakwenda kuzungusha mota nyingi zilizofungwa kwenye ngoma moja, ngoma inavuta kebo, kebo inavuta treni. Winchi jamani! Winchi yenye hasira. Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, inavutwa hivyo mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 5 tu.

Kingda Ka ya New Jersey nayo ilikuwa hivyo, kuanzia 2005. Mnara mita 139, mwendo wa kufyatuliwa kilomita 206 kwa saa. Sasa tumia hesabu niliyoweka juu: kupanda mita 139 bila hasara yoyote kunahitaji kama kilomita 188 kwa saa. Hizo 18 za juu zililipia hewa, msuguano, na kule kuvuka kilele bila kusimama. Kuna siku upepo au baridi ilikula zaidi ya kilichowekwa, treni inakaribia kileleni, inasita, inarudi nyuma na abiria wake. Ilikuwa inajulikana kuwa itatokea, kwa hiyo njia ya kufyatulia ilikuwa na breki za kuidaka ikirudi. Waliifunga 2024, na mwaka uliofuata wakauangusha mnara.

Kijana wa Mabatini

Mkuu huku kwetu fundi akiwasha mashine ya kuchomelea, taa za mtaa mzima zinapiga magoti. Hizo sumaku zinazofyatua tani 8 kwa sekunde mbili si zingezima mkoa?

Winchi la Ziwani

Zingeweza, na walishaliona. Incredible Hulk ya Orlando ilipofunguliwa 1999, treni ilikuwa inasukumwa na magurudumu yenye mota ikiwa bado inapanda, kutoka sifuri hadi kama kilomita 64 kwa saa kwa sekunde 2. Kuvuta umeme wote huo kwa mpigo mmoja kutoka gridi kungefifisha taa za majirani. Wakaweka magurudumu mazito ya chuma yanayozungushwa na mota pole pole muda wote treni ikiwa inapakia watu. Wakati wa kufyatua, mzunguko ule ndio unaozalisha umeme wa ghafla. Gridi inaona mzigo mdogo unaoendelea, haioni kishindo.

Hii ndiyo tofauti ya nishati na nguvu ambayo watu wengi wanaipita. Uniti ni zile zile chache. Kazi iko kwenye kuzitoa zote kwa sekunde 2.

Mama Dagaa Mwaloni

Wanangu, mimi nimesoma yote mpaka hapa nasubiri jambo moja tu. Umeme ukikatika? Maana mleta mada umeahidi kwenye kichwa cha uzi na bado unatuzungusha kwenye sumaku.

Winchi la Ziwani

Shikamoo mama. Naomba radhi kwa kukuzungusha, linakuja.

Gawa safari vipande viwili.

Umeme ukikatika treni ikiwa kwenye mnyororo: mota inasimama, mnyororo unasimama, treni inasimama pale pale. Hairudi nyuma. Umewahi kusikia kwenye video ule mlio wa tak-tak-tak wakati inapanda? Watu wanadhani ni mnyororo. Kando ya njia kuna bamba refu la chuma lenye meno kama ya msumeno, na chini ya behewa kuna ulimi wa chuma unaoning'inia. Treni ikienda mbele, ulimi unapanda jino, unadondoka, unapanda linalofuata, unadondoka. Kila mdondoko ni tak. Ikitaka kurudi nyuma, ulimi unakwama kwenye jino la karibu na mchezo umeishia hapo. Hauhitaji umeme, hauhitaji kompyuta, hauhitaji mtu. Hata mnyororo ukikatika, treni itarudi sentimita chache tu na kukaa. Mimi mlio huo nikiusikia nalala usingizi. Rola kosta nyingi mpya zimeufanya wa kimya kwa kutumia sumaku, na wapenzi wa michezo hii wanalalamika.

Hicho ndicho mlichokiona kwenye klipu. Treni imesimama mahali ilipotakiwa kusimama. Pembeni ya kilima kuna ngazi yenye mkono wa kushikia, imejengwa tangu siku ya kwanza kwa kazi hiyo hiyo. Penye jenereta, mota inawashwa tena na treni inamalizia yenyewe. Pasipo, wahudumu wanapanda, wanafungua viti kimoja kimoja kwa mkono, watu wanashuka kwa miguu. Inachosha, inaaibisha, lakini hakuna aliyekuwa hatarini.

Umeme ukikatika treni ikiwa imeshaachiwa kileleni: haijui. Kwa kweli haina habari. Itaendelea na vilima na kona zake kwa sababu hakukuwa na umeme unaoisukuma tangu mwanzo. Itasimama kwenye breki zinazofuata, na breki hizo ndizo nataka tuzungumzie, maana kwangu mimi ubingwa wote wa huu mchezo uko kwenye kusimamisha. Kuitembeza hata watoto wa Isamilo wanajua, unatafuta mteremko.

Mama Dagaa Mwaloni

Marahaba baba. Ila hiyo ngazi nitashuka kwa makalio.

Dereva Semi

Ngoja nichangie hapo kwenye breki kabla fundi hajamaliza. Nadhani naijua. Semi zetu breki za nyuma zimefungwa kwa springi, na hewa ya kompresa ndiyo inayozifungua. Ukipasuka bomba la hewa njiani, gari haliendi bila breki, linaganda barabarani. Abiria wa magari madogo wanadhani hewa ndiyo inayokamata. Kinyume chake. Huko nako ni hivyo?

Winchi la Ziwani

Ni hivyo hivyo kaka, umenipunguzia maneno. Breki za kubana za rola kosta nyingi ni mapande mawili yanayolibana bamba la chuma lililo chini ya treni. Springi inabana, hewa inaachia. Umeme ukikatika, vali zinaachia hewa, breki zinafunga. Ukitaka treni ipite lazima mfumo wote uwe hai na ukubali. Kukiwa na shaka yoyote, jibu ni kufunga.

Aina ya pili ni breki za sumaku. Hapa unapanga sumaku za kudumu pande mbili, treni ina bamba la shaba au alumini linalopita katikati bila kugusa. Bamba likipita kwa kasi, ndani yake kunazaliwa umeme unaozunguka, na umeme huo unatengeneza sumaku ya kuipinga ile ya kwanza. Treni inapunguzwa mwendo kana kwamba imeingia kwenye matope, bila mlio wala kulika kwa kitu. Kinachobaki ni joto kwenye bamba. Hazitaki umeme wa nje hata kidogo. Udhaifu wake ni kwamba nguvu yake inatokana na mwendo, kwa hiyo treni ikiwa inakaribia kusimama, breki nayo inalegea. Haiwezi kuishikilia treni ikiwa imesimama kwenye mteremko. Ndiyo maana utakuta zimewekwa zote mbili: sumaku zinaua mwendo, za kubana zinamalizia, kisha magurudumu madogo ya mpira yenye mota yanaisogeza treni taratibu mpaka stesheni.

Jiwe Juu ya Jiwe

Kwa hiyo zamani kabla ya hizo hewa na sumaku nani alikuwa anasimamisha?

Ticha Nyegezi

Mtu. Alikaa au kusimama ndani ya treni na mkono wa breki, akipunguza kwenye miteremko kwa macho na uzoefu. Na hawajaisha. Luna Park ya Melbourne ina rola kosta ya mbao ya mwaka 1912, mpaka leo kuna mhudumu anasimama kati ya mabehewa akishika breki. Ile ya Tivoli, Copenhagen, ya mwaka 1914, nayo ina mtu wa breki.

Jiwe Juu ya Jiwe

Yaani kuna konda! Hapo sasa tunaelewana. "Twende kilele, twende kilele, siti moja!"

Binti Pasiansi

😂😂 Na chenji hakupi.

Swali jingine. Nimeona mahali treni mbili au tatu ziko kwenye njia moja kwa wakati mmoja. Kama hazina dereva, zinazuiwaje kugongana?

Ticha Nyegezi

Njia inakatwa vipande. Kila kipande kinaishia mahali ambapo treni inaweza kusimamishwa: kilele cha mnyororo, breki za katikati, breki za mwisho, stesheni. Sheria ni moja, kipande kimoja treni moja. Sensa kwenye reli zinaiambia kompyuta treni imeingia wapi na imetoka wapi. Kama kipande cha mbele bado kina treni, ya nyuma haiachiwi. Ndiyo maana pia vipande lazima viwe vingi kuliko treni, la sivyo hakuna pa kusogea. Reli za kawaida zinatumia wazo hilo hilo tangu enzi za mvuke.

Mfumo huu ukiachwa ufanye kazi ni mgumu kuushinda. Binadamu akiupita ndipo mambo yanaharibika. Juni 2015, Alton Towers, Uingereza, kwenye rola kosta inayoitwa The Smiler, treni ya majaribio isiyo na watu ilishindwa kupanda sehemu moja, siku hiyo kulikuwa na upepo mkali, ikarudi na kutulia bondeni. Kompyuta ikaona kipande kina treni, ikazuia iliyofuata. Mafundi hawakutambua kuna treni imekwama kule, wakadhani mfumo umekosea, wakaupita na kuiachia yenye abiria. Ikaigonga. Watu 16 waliumia, wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja, na mwaka 2016 mahakama ikaitoza kampuni faini ya pauni milioni 5.

Kompyuta ilikuwa sahihi muda wote.

Winchi la Ziwani

Ticha, hiyo huwa nawasimulia vijana wangu kila tunapofunga winchi mpya. Taa nyekundu ikiwaka, nenda kaangalie kwa macho yako mwenyewe mpaka mwisho wa waya, ndipo uje unieleze kuwa taa ni mbovu. Kuna mahali niliwahi kukuta swichi ya usalama imefungwa kwa kamba ya nailoni ili "isisumbue". Sitataja mahali. Niliikata hiyo kamba na kazi nikaiacha hapo hapo.

Kijana wa Mabatini

Wakuu turudi kwenye raha. Mbele na nyuma, wapi pakali? Na je, ikijaa wanene inakwenda haraka zaidi? Mleta mada umesema uzito unajifuta.

Winchi la Ziwani

Unajifuta kwenye kuanguka, haujifuti kwenye hewa. Treni tupu na iliyojaa zinakatwa na upepo karibu sawa, lakini iliyojaa ina akiba kubwa ya nishati, kwa hiyo inapoteza sehemu ndogo. Treni iliyojaa inamaliza njia ikiwa na mwendo zaidi. Ndiyo maana kwenye majaribio wanakalisha vitini madumu ya plastiki yenye umbo la mtu, yamejazwa maji. Na mchana wa joto, grisi ya beringi ikishalainika, treni ile ile inakwenda haraka kuliko ilivyokwenda asubuhi.

Mbele na nyuma: treni ni ndefu, na mwendo wake unaamuliwa na uzito wake wote, katikati yake. Behewa la mbele linapovuka kilele, sehemu kubwa ya treni bado inapanda, kwa hiyo linaning'inia pale, unaona chini yote, linashuka polepole. La nyuma linapofika kileleni treni nzima imeshaanza kuporomoka, kwa hiyo linavutwa juu ya kilele kwa nguvu na wewe unaachwa hewani. Anayetaka kuona akae mbele. Anayetaka kutapika dagaa akae nyuma.

Kijana wa Mabatini

Na pale inapopinduka duara kichwa chini?

Ticha Nyegezi

Ukiangalia vizuri si duara. Ni umbo la tone, limebana juu, limefunguka chini. Mwisho wa karne ya 19 walijaribu duara kamili, abiria wakaumia shingo, maana treni inaingia chini ikiwa na mwendo mkubwa halafu inapindishwa ghafla. Kwenye umbo la tone, chini ambako kasi ni kubwa mpindo ni mpana, juu ambako kasi imepungua mpindo ni mkali. Revolution ya Magic Mountain, California, 1976, iliyotengenezwa na Anton Schwarzkopf akisaidiwa na mhandisi Werner Stengel, ndiyo iliyofanikisha hilo kwenye njia za chuma.

Kamanga Feri

Haya nimekubali. Sasa swali la maana. Mwanza nzima ni vilima na mawe. Isamilo, Bugando, Igogo, Mabatini kule nyumba zimekaa juu ya majabali. Wenzetu wanatumia mabilioni kujenga kilima cha chuma, sisi tunavyo vya bure. Kwa nini tusijenge hapa?

Jiwe Juu ya Jiwe

Naunga mkono. Stesheni iwe Capri Point, abiria waone ziwa, wateremke mpaka mlangoni kwa sangara wa kukaanga.

Winchi la Ziwani

Kutumia kilima cha asili si wazo la mchezo. The Beast ya Ohio, ya mwaka 1979, imelazwa juu ya ardhi yenye mabonde na misitu, ina urefu wa mita 2,243, na kati ya zile za mbao ndiyo ndefu kuliko zote. Ila hata pale wameweka minyororo miwili. Kilima cha bure kinakuteremsha mara moja, kurudi juu unalipa. Hakuna namna ya kuikwepa hiyo.

Kwa Mwanza mimi ningependekeza zile za milimani, zinazojengwa sana Ulaya kwenye Alpi. Ni kigari cha watu wawili kwenye njia ya mabomba ya chuma, kinavutwa na kebo hadi juu ya kilima, kisha mnateremka kufuata ardhi ilivyo. Kina mkono wa breki mikononi mwenu: ukiusukuma mbele kinakwenda, ukiuvuta kinasimama. Hata ukiusukuma mpaka mwisho kuna breki ya ndani inayojikaza mwendo ukizidi, kwa hiyo hakipiti kama kilomita 40 kwa saa. Nguzo zake ni fupi, na majabali yetu ya granaiti yanashika nguzo vizuri kuliko udongo. Mota ni ya kuvuta vigari vichache vichache, si tani 8.

Dereva Semi

Mkono wa breki aachiwe abiria? Wa hapa hapa? Mkuu unawajua watu wa Igoma?

Binti Pasiansi

Watakaa njiani wanapiga selfi, anayekuja nyuma awavae.

Winchi la Ziwani

Hilo ni kweli na ndiyo ajali yake ya kawaida, ya nyuma kumgonga wa mbele aliyesimama. Wanaachia vigari kwa nafasi, na zipo za kisasa zenye sensa ya kusoma umbali na kukamata breki zenyewe. Kwa hapa ningefunga hizo tu, nisingejadiliana na mtu.

Mama Dagaa Mwaloni

Na mvua ya ziwani je? Nyie mnajenga kwenye mawe mnasahau radi zinavyopiga huku.

Winchi la Ziwani

Mama hajakosea. Chuma kirefu juu ya jabali, radi ikianza kusogea kila kitu kinafungwa na watu wanateremshwa, hiyo ni sheria kila mahali. Mvua peke yake inalainisha njia, breki zinachelewa kukamata, unapunguza vigari na kuongeza nafasi. Masika biashara ingekuwa ya kubahatisha. Kiangazi, upepo wa ziwa unaanza mchana, asubuhi kumetulia, hapo ungefanya kazi kuanzia saa mbili bila wasiwasi.

Kamanga Feri

Saa mbili asubuhi nani anakwenda kutapika mapema hivyo? Anza saa nne.